Maisha ya René Descartes na Bendera Yangu Iliyopinduka

 Ni desturi ya jarida letu kila mwaka kutoa maisha ya mtu mashuhuri aliyekwisha kutangulia mbele ya haki. Mhariri aliponipa nafasi hii, wengi walidhani nitaandika juu ya shujaa wa hapa kwetu pwani, kama Mekatilili wa Menza. Mie nimemchagua Mfaransa aliyekufa mwaka 1650, mtu ambaye hakuwahi kuikanyaga Afrika wala kuiona kompyuta. Msinicheke kwanza. Bila huyu mtu, leo hii ningekuwa nimeliacha somo nilipendalo kuliko yote.

Kisa chenyewe kilianza mwaka jana nikiwa kidato cha pili. Kama mjuavyo, tarehe 7 Julai ni Siku ya Kiswahili Duniani, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 2021. Chama chetu kiliandaa sherehe, wazazi wakaalikwa, na mie nikapewa kazi ya kuchora bendera ya Kenya kwa kompyuta ili ionyeshwe ukutani kabla ya mashairi kuanza. Nilikubali kifua mbele. Kuchora kwa kompyuta nilikuwa nimekwisha kuzoea kwa kumtumia kobe.

Kobe huyo si wa porini. Lugha ya programu iitwayo Python huja na maktaba ya kuchorea yenye jina la kobe. Maktaba hapa si chumba cha vitabu, ni mkusanyo wa amri zilizokwisha kuandikwa na wengine, wewe kazi yako ni kuziita tu. Unamwambia kobe aende mbele hatua 100, kisha ageuke kushoto digrii 90, na popote apitapo anaacha mstari. Ukirudia mara nne umepata mraba. Kobe huanzia katikati ya skrini, na akienda juu namba zinaongezeka, sawasawa na karatasi ya grafu.

Lakini kwa bendera nilitaka mistatili iliyojaa rangi, nikahamia maktaba nyingine iitwayo Pygame. Humo mstatili mzima ni amri moja. Unataja rangi, halafu namba nne: unaanzia wapi kwa upande, unaanzia wapi kwa kimo, upana ni kiasi gani na kimo ni kiasi gani. Bendera yetu upana wake ni 3 kwa kimo cha 2. Mlia mweusi, mwekundu na wa kijani kila mmoja una sehemu 6, na ile miwili myeupe kila mmoja sehemu 1. Jumla ni sehemu 20. Nikachukua upana wa pikseli 300 na kimo cha pikseli 200, yaani vile vitone vidogo vinavyofanya picha ya skrini. Basi kila sehemu ikawa pikseli 10. Hesabu ikaingia kama mguu na kiatu chake.

Nikaanzia chini, kama tufanyavyo kwenye grafu. Mlia wa kijani nikauweka kwenye 0, mweupe kwenye 60, mwekundu kwenye 70, mweupe wa pili kwenye 130 na mweusi kwenye 140. Ngao na mikuki nikaiacha kwa kuwa ni kazi ngumu. Sikupata nafasi ya kujaribu, manake stima ilipotea jioni ile, na mie ni mwanafunzi wa kutwa, nyumbani sina kompyuta.

Siku ya siku ikafika. Projekta ikawashwa, watu wakasimama. Lo! Kijani juu, nyeusi chini. Bendera ya taifa ilikuwa imesimama kwa kichwa mbele ya wazazi wote. Wengine waliangua kicheko. Mzee mmoja aliyekaa safu ya mbele aliuliza kama tunaidhihaki bendera iliyopandishwa Desemba 1963 watu walipolia kwa furaha. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Mwisho wa mwaka tulipewa fomu za kuchagua masomo ya kidato cha tatu. Kompyuta nikaifuta kwa kalamu mara mbili, nikaandika kilimo. Kilimo si kibaya, lakini moyoni nilijua siendi huko kwa kupenda, nakimbia tu. Mwalimu wetu wa kompyuta aliiona ile fomu. Hakunigombeza. Alinirudishia pamoja na kitabu cha maisha ya wanahisabati, akaniwekea alama ukurasa mmoja, akasema nimrudishie vyote viwili siku ya Ijumaa. Ukurasa huo ulikuwa wa René Descartes. Jina huandikwa hivyo lakini hutamkwa Dekati.

Descartes alizaliwa tarehe 31 Machi 1596 katika mji mdogo wa La Haye, nchini Ufaransa. Mji huo siku hizi unaitwa Descartes, kwa heshima yake. Mama yake alifariki mtoto akiwa na umri wa mwaka mmoja na kidogo. Baba alikuwa mtu wa mahakama, kazi yake ilikuwa mbali, kwa hivyo mtoto akalelewa na bibi yake mzaa mama. Hapo nilisimama kusoma kidogo, kwa kuwa mie pia nimelelewa na bibi.

Alikuwa mtoto dhaifu wa mwili. Alipopelekwa shule ya La Flèche, iliyokuwa ya mapadri Wajesuiti, waalimu walimhurumia wakamruhusu kubaki kitandani asubuhi wenzake wakiamshwa mapema. Wanafunzi wenzangu, najua mnamwonea wivu! Lakini yeye hakuwa akikoroma. Alilala macho wazi akifikiri, na desturi hiyo aliishika karibu maisha yake yote. Kuna hadithi inayopendwa sana ati aliivumbua x na y kwa kumtazama nzi akitembea juu ya dari. Mwalimu alinionya kwamba hiyo ni hadithi tu, hakuna ushahidi wake, kwa hivyo nami siitii hapa kama kweli.

Mwaka 1616 alipata shahada ya sheria katika chuo cha Poitiers, lakini hakufanya kazi ya sheria. Mwaka 1618 akaenda Uholanzi kujiunga na jeshi la Maurice wa Nassau. Huko mjini Breda alikutana na Isaac Beeckman, mtu aliyependa hisabati na elimu ya maumbile, akamwasha moto wa kuyatatua maswali. Mwaka uliofuata, usiku wa tarehe 10 Novemba 1619, akiwa Ujerumani katika chumba chenye jiko la kupashia joto, aliota ndoto tatu mfululizo. Alipoamka aliamini kwamba kazi ya maisha yake ni kutafuta njia moja ya kufikiri itakayofaa elimu zote. Wakati huo alikuwa na miaka 23 tu.

Mwaka 1628 alihamia Uholanzi kuishi, akakaa huko miaka kama 20, akihama nyumba mara kwa mara ili asisumbuliwe. Aliandika kitabu kikubwa juu ya ulimwengu, na ndani yake alikubali kwamba dunia huzunguka jua. Kitabu kikiwa karibu kuchapishwa, mwaka 1633 ikafika habari kwamba Galileo amehukumiwa mjini Roma kwa sababu ya kushikilia jambo hilo hilo. Descartes aliogopa. Akakikunja kitabu chake akakificha, na hakikuchapishwa mpaka mwaka 1664, yeye mwenyewe akiwa kaburini.

Ndugu msomaji, hapa ndipo nilipojiona. Mtu mzima, mwenye akili za kupigiwa mfano, aliogopa akaficha kazi yake. Mie naye niliificha yangu kwa sababu ya kicheko. Hatari yake ilikuwa kubwa kuliko yangu mara elfu, lakini woga ni woga.

Kumbe hakunyamaza moja kwa moja. Mwaka 1637, mjini Leiden, alitoa kitabu kingine, kwa lugha ya Kifaransa badala ya Kilatini cha wasomi, ili hata watu wa kawaida wasome. Jina lake hakuliandika juu ya kitabu. Kilieleza namna ya kuiongoza akili, na nyuma yake kilikuwa na sehemu tatu za mifano: moja ya mwanga, moja ya hali ya anga, na ya tatu ya jiometri. Hiyo ya tatu ndiyo iliyobadilisha dunia, na ndiyo iliyohusu bendera yangu.

Kabla ya hapo, maumbo yalikuwa na njia yake na hesabu za herufi zilikuwa na njia yake. Maumbo ulichora kwa rula na bikari. Hesabu za herufi, yaani aljebra, zilipata jina kutokana na kitabu cha Kiarabu cha Al-Khwarizmi, mtaalamu aliyefanya kazi Baghdad katika karne ya 9. Descartes alizikutanisha hizo mbili. Alionyesha kwamba mstari au mviringo unaweza kuandikwa kama mlinganyo, na mlinganyo unaweza kuchorwa ukawa umbo. Yeye pia ndiye aliyetuzoesha kutumia x, y na z kwa namba tusizozijua, na a, b na c kwa zile tunazozijua.

Hebu niwaeleze kwa mfano wa hapa kwetu Matuga. Chukua barabara kuu itokayo Likoni kwenda Ukunda. Bibi akinituma nyumba nisiyoijua, hanipi namba ya nyumba. Huniambia nishuke kituoni, nitembee hatua 200 kama naelekea Ukunda, halafu nikate upande wa baharini hatua 80. Namba mbili tu, na mlango naugonga! Ile ya barabarani iite x, ile ya kuelekea baharini iite y. Nyumba ikiwa upande wa kurudi Likoni, x inakuwa hasi. Ikiwa upande wa pili wa barabara, kwenye vilima, y ndiyo hasi. Kila nyumba ya Matuga ina namba zake mbili, na ukizijua zote unaweza kuichora Matuga nzima ukiwa umefumba macho.

Kompyuta nayo huchora ikiwa imefumba macho hivyo hivyo. Haijui bendera, haijui duara. Inajua namba mbili mbili. Ukitaka duara lenye nusukipenyo 50, sheria yake ni kwamba x mara x ukijumlisha na y mara y upate 2500. Jaribu 30 na 40: unapata 900 na 1600, jumla 2500. Nukta hiyo imo. Jaribu 30 na 30: unapata 1800, nukta hiyo iko ndani ya duara. Tunapoiomba maktaba ituchoree duara kwa amri moja, ndani yake kuna mtu aliyekwisha kuifanya hesabu ya namna hiyo kwa niaba yetu.

Sasa kosa langu nililiona wazi. Bibi huanza kuhesabu kituoni. Lakini je, mimi ningeanza kuhesabu mahali pengine? Ningefika nyumba ya watu! Namba mbili hazitoshi mpaka mkubaliane sifuri iko wapi na namba zinaongezeka kuelekea upande gani. Kwa kobe, sifuri ni katikati na namba huongezeka kwenda juu. Kwa ile maktaba nyingine, sifuri ni pembe ya juu kushoto, na namba huongezeka kwenda chini. Hilo si wazimu. Skrini za zamani zilichora picha mstari kwa mstari, kutoka juu kwenda chini, kama tusomavyo ukurasa wa kitabu, na desturi hiyo imebaki. Mie nilikuwa nimempa mtu hatua za kutoka Likoni, yeye akazihesabu kutoka Ukunda.

Dawa yake haikuwa kufuta kila kitu. Unachukua 200, ambacho ni kimo cha bendera nzima, unatoa namba uliyoanzia, kisha unatoa kimo cha mlia wenyewe. Mlia mweusi: 200 toa 140 toa 60, inabaki 0. Mweupe wa pili unaangukia 60, mwekundu 70, mweupe wa kwanza 130, na wa kijani unashuka mpaka 140. Alhamisi baada ya masomo nilibisha hodi chumba cha kompyuta, nikaandika namba hizo tano, nikabonyeza. Nyeusi ikakaa juu, kijani chini. Hapakuwa na mtu wa kunipigia makofi, lakini nilisimama wima kama niko gwarideni.

Ijumaa nilimrudishia mwalimu kitabu chake na fomu. Kilimo kilikuwa kimefutwa, kompyuta imerudi. Aliitazama ile fomu iliyochakaa kwa wino, akatabasamu, akaitia kwenye faili.

Tusisahau kumaliza maisha ya mwenyewe. Mwaka 1635 Descartes alipata binti, jina lake Francine, mama yake akiwa Helena Jans, mtumishi wa Kiholanzi. Mtoto huyo alifariki mwaka 1640 kwa ugonjwa wa homa, akiwa na miaka 5. Descartes alihuzunika mno. Mwaka uliofuata, 1641, alichapisha kitabu chake maarufu cha falsafa, ambamo alijaribu kukitilia shaka kila kitu anachokijua ili aone kitakachobaki. Akaona kwamba hata ukitilia shaka yote, huwezi kutilia shaka kwamba wewe unayefikiri upo.

Mwaka 1649 Malkia Kristina wa Sweden alimwita Stockholm amfundishe falsafa. Malkia alitaka masomo saa kumi na moja alfajiri, tena wakati wa baridi kali. Mtu aliyezoea kulala mpaka jua limepanda akawa anatoka gizani kwenye theluji. Alipata ugonjwa wa mapafu, akafa tarehe 11 Februari 1650, akiwa na miaka 53. Mwaka 1663 kanisa la Roma liliviweka vitabu vyake katika orodha ya vitabu vilivyokatazwa, lakini havikufa. Mifupa yake ilirudishwa Ufaransa, na kaburi lake sasa limo katika kanisa la Saint-Germain-des-Prés mjini Paris.

Lazima niseme kweli pia, ili nisimpambe kupita kiasi. Mfaransa mwenzake, Pierre de Fermat, alilifikia wazo hilo hilo peke yake wakati ule ule, ila hakulichapisha. Tena katika kitabu cha Descartes huwezi kuona ile mihimili miwili iliyokatana sawasawa kama tunavyoichora leo. Walimu waliokuja baadaye, kama Frans van Schooten aliyekitafsiri kwa Kilatini mwaka 1649, ndio walioeleza na kuongeza. Lakini jina limebaki lake. Lile bapa la x na y ambalo vitabu vyetu hulipa jina la Kikatesia, limeitwa hivyo kwa sababu jina lake kwa Kilatini lilikuwa Cartesius.

Na Afrika imo katika kisa hiki. Yule kobe wa kuchora alitokana na lugha ya Logo, iliyotungwa Marekani mwaka 1967 na Wally Feurzeig, Cynthia Solomon na Seymour Papert. Huyo Papert alizaliwa Pretoria, Afrika Kusini, mwaka 1928, akafariki 2016. Yeye aliamini kwamba kosa katika programu halimwaibishi mtoto, ni kitu cha kutazamwa na kutengenezwa. Laiti ningalilijua hilo mapema!

Julai ya mwaka huu bendera ilionyeshwa tena ukutani. Yule mzee alikuwepo, safu ile ile ya mbele. Alisimama pamoja na wengine, na sherehe ilipokwisha akaniita. Nikamsalimu shikamoo, akaitikia marahaba. Aliniuliza mwaka jana ilikuwaje. Nikachukua kijiti, nikamchorea mchangani barabara, kituo na nyumba, nikamwonyesha sifuri ilipokuwa na pale nilipodhani ipo. Alikitwaa kile kijiti, akapiga nukta kando ya barabara yangu, akaniuliza hiyo namba zake ni ngapi. Ilikuwa nyumba yake.

Wanafunzi wenzangu, hasa nyinyi wa kidato cha pili mnaongojea fomu zenu, wahenga walinena kwamba kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Msilifute somo kwa sababu ya kicheko cha siku moja. Kwanza tafuteni sifuri yenu iko wapi.